Shukrani kwa dada wa mazoezi tiba

Dada, jina lako sikuwahi kuliuliza, nawe hukulitaja. Asante.

Baba aliporuhusiwa baada ya shambulio la moyo, alikaa kitini pale Chang'ombe kama mtu aliyebeba yai kifuani. Hata kwenda bafuni alitaka ashikwe. Sisi wanawe tukakubaliana naye, tukidhani kupumzika ndiyo dawa. Wewe ndiwe uliyetueleza kwamba moyo ni msuli, na kwamba mazoezi ya taratibu, daktari akisharidhia, huusaidia kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, usilazimike kwenda mbio.

Ulianza naye dakika tano tu. Ulimpima mapigo na presha kabla na baada, ukatembea ubavuni mwake mkipiga soga. Kumbe soga ndiyo kipimo chenyewe: akiweza kuongea, mwendo unafaa, pumzi ikikatika katikati ya sentensi, apunguze. Kifua kikiuma au akiona kizunguzungu, asimame papo hapo. Chumvi uliishusha isizidi gramu 5 kwa siku, ila ugali wake wa uwele ukamwachia.

Ninachokushukuru zaidi ni ile siku alipolia. Mzee wa Kigogo, kulia mbele ya mgeni! Hukumkatiza. Ulivuta kiti, ukamwambia hofu na huzuni huwapata wengi baada ya ugonjwa huu, na zinatibika.

Sasa anatembea nusu saa kila asubuhi, kabla jua halijawa kali. Jana alirudi na zabibu. Za kwako ameziweka pembeni.