Risala ya Kikundi cha Uokoaji cha Kujitolea, Bonde la Rufiji, kwa Mgeni Rasmi Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mtendaji wa Kata, viongozi wa dini, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu na kuja mwenyewe bila kutuma mwakilishi. Jambo hilo tumeliona na tumelithamini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianzishwa baada ya mafuriko ya Aprili 2024, lakini historia ya maji hapa ni ndefu. Baada ya mafuriko ya 1968 Serikali iliwahamisha wazee wetu kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya miinuko. Wao walihama, mashamba yakabaki. Mpaka leo mkulima wa Rufiji hushuka bondeni kulima mpunga, hulala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, akilinda mazao, na maji yakipungua hupanda mlau, yaani mazao yanayoota kwa unyevu uliobaki. Kwa hiyo kila tunapoambiwa kwa kipaza sauti "hameni mabondeni", tunasikia na tunaheshimu, ila shamba ndilo linalosomesha watoto.

Mafanikio yetu ni makubwa. Vijana wote wa kikundi wanaogelea na wanajua huduma ya kwanza. Tumesimika nguzo ya kupimia kina cha maji, ambayo sasa ni tegemeo la kata nzima. Tuna orodha ya wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu kwa kila kitongoji. Mengine yamo kwenye taarifa ya maandishi, tusikuchoshe.

Mheshimiwa, changamoto tunazo nyingi, ila leo tumekubaliana kusema moja tu: tunaomba boti moja ya injini, na pamoja nayo agizo la maandishi la kuitumia bila kungoja.

Boti hii si ombi jipya. Mgeni rasmi mmoja aliyesimama hapo ulipo alituambia iko kwenye mpango. Aliyemfuata alisema mchakato umefika mwishoni, tukampigia makofi na mama zetu wakapiga vigelegele. Hatumlaumu mtu, na huenda kila mmoja alisema kwa nia njema. Lakini nakala za risala zile tunazo, na ukizisoma utaona tumebadilisha tarehe tu.

Mwaka 2024 hatukukosa taarifa. Tangu Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza El Niño. Maji yalipopanda, ujumbe ulitoka kitongojini ukaenda kijijini, kata, wilaya, na kila ngazi ikangoja kibali cha ngazi ya juu yake. Wakati kibali kinatafutwa, waliokuwa kwenye madungu walitolewa na wavuvi kwa mitumbwi ya kasia, usiku, kwenye maji yenye mamba na viboko. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Siku chache baadaye kikaja Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi ikakatika kule Somanga. Msaada unaotegemea barabara hauwezi kuwa mpango wetu wa kwanza.

Tunaelewa madaraka yana mipaka. Kutangaza hali ya hatari ni kazi ya Rais kwa Ibara ya 32 ya Katiba. Bunge hukutana ndani ya siku 14 na kuamua kwa theluthi mbili. Ulinzi huo ni mzuri na hatuombi uguswe. Tunachoomba ni kidogo mno kufika huko. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji. Kamati yetu ipo, na mihutasari inaandikwa. Ila haina lita moja ya mafuta inayoweza kuiagiza, na haiwezi kufungua darasa likalaza watu bila kupiga simu, wakati mtandao ndio wa kwanza kuzimika.

Ndiyo maana tunaomba agizo likitoka kwako, kabla ya masika, liseme hivi: nguzo ikifika alama nyekundu, au Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari kubwa, Mtendaji wa Kata anaishusha boti majini, anafungua shule na anachukua mafuta kwa hati ambayo Halmashauri itailipa. Ripoti itafuata, na daftari la safari na mafuta litakaguliwa na yeyote utakayemtuma. Ukaguzi hatuuogopi.

Tumeitaja nguzo kwa makusudi. Maji yetu hutoka mbali, Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, kwenye bonde la takriban kilomita za mraba 177,000. Mto unaweza kufurika hapa jua likiwaka. Hivyo tunaomba pia taarifa za Bodi ya Maji ya Bonde, na za kufunguliwa kwa milango ya Bwawa la Julius Nyerere, zifike moja kwa moja kwenye simu ya Mtendaji, zikiwa na saa na kiasi.

Kama boti itachukua muda, Mheshimiwa, basi tuanze na agizo. Halihitaji bajeti ya kununulia chochote leo, na wavuvi wamekubali mitumbwi yao itumike mradi walipwe. Rasimu tumeiandaa kwa msaada wa Mtendaji, ni ukurasa mmoja, ipo kwenye bahasha mbele yako. Tunakuomba kwa heshima zote utujibu hapahapa, leo, tarehe ya kusainiwa, na kama haiwezekani utueleze kinachokwamisha ili tukishughulikie.

Tunakutakia safari njema na afya njema.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi