Mgonjwa asiyelala aulizwe pia anadaiwa na nani

Ndugu Mhariri,

Mtu akifika zahanati akilalamika hapati usingizi, moyo unakwenda mbio na kichwa kinauma kila siku, hupimwa presha na malaria, akapewa dawa za maumivu na kurudi nyumbani. Ni nadra kuulizwa kama anadaiwa. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze kwa nini swali hilo ni sehemu ya matibabu, hasa hapa Dodoma.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Alizeti na mtama haviingizi fedha mpaka vivunwe, ilhali mikopo ya kausha damu, yaani ya mitaani yenye riba kubwa, hudai marejesho kila siku au kila wiki. Mkulima wa Bahi au Kongwa aliyekopa Januari anunue mbegu analazimika kurejesha wakati shamba bado halijampa hata debe moja. Anakopa kwingine ili alipe pale pa kwanza.

Na gharama yenyewe imefichwa. Chukua mkopo wa shilingi 200,000. Fomu na "bima" vikikatwa 20,000, mkononi zinabaki 180,000. Marejesho ya 8,000 kwa siku 30 ni 240,000. Mkopaji huambiwa riba ni asilimia 20. Ukweli ni kwamba amelipa 60,000 juu ya 180,000, yaani theluthi nzima, na kwa kuwa ameanza kurejesha kesho yake, kwa wastani amekaa na takriban nusu tu ya fedha hiyo mwezi mzima. Kikomo cha riba cha Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi.

Mdaiwa wa namna hii huanza kuzima simu. Inamtuliza saa chache, ndiyo maana anarudia, huku faini ikipanda. Usingizi unakatika saa nane usiku. Asiyelala hawezi kupanga wiki mbili mbele; anaona marejesho ya leo tu, na mkopo wa tano unamjia kama ukombozi. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ikishaingia, nguvu ya kwenda kuomba aongezewe muda ndiyo hutangulia kwisha. Wakopeshaji wa mitandaoni wanaowatumia ndugu na majirani ujumbe wa kumwaibisha huzidisha kidonda, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haiwaruhusu.

Anayetaka kumsaidia mtu kama huyu asianze na hesabu. Aanze kwa kumuuliza waziwazi kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu na za mifugo ziondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Huzuni ikimkaa kwa wiki mbili mfululizo, aonwe na mtoa huduma ya afya ya akili. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kuleta nafuu. Wengi huziacha siku ya tano wakidhani hazifai.

Akianza kulala, ndipo karatasi ichukuliwe. Kwa kila deni aandike: nani anadai, alipokea kiasi gani mkononi, amerejesha kiasi gani, ameweka dhamana gani. Kosa la kawaida ni kuandika kiasi cha mkataba badala ya kilichofika mkononi. Kosa kubwa zaidi ni kumlipa kwanza anayepiga kelele kuliko wote. Chakula, kodi ya nyumba na dawa vitangulie, kisha madeni yenye dhamana halali. Kwa mkopeshaji asiende peke yake, na maombi ya muda yawe kwa maandishi. Kadi ya benki na namba ya siri si dhamana. Aidai irudishwe, na akikataliwa apeleke malalamiko Benki Kuu. Mtumishi wa umma anapaswa kubakiwa na theluthi ya mshahara wake baada ya makato. Deni la kawaida ni shauri la madai, si jinai, hivyo mahabusu si mahali pa kukusanyia marejesho.

Mambo mawili yanawafanya watu wajifiche. La kwanza ni jina la Mirembe kugeuzwa tusi mitaani, wakati ni hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyo mlangoni petu. La pili ni Kanuni ya Adhabu, ambayo bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Anayeogopa polisi hatamwambia muuguzi ukweli, na tunaomba Bunge lifute kifungu hicho.

Kwa halmashauri zetu tuna ombi dogo. Mikopo isiyo na riba, inayotoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, huanza kwa mafunzo ya vikundi. Maafisa maendeleo ya jamii waalike muuguzi wa afya ya akili kwa saa moja katika mafunzo hayo, na kila kikundi kiondoke na karatasi yenye safu zile nne.

Washauri wa afya ya akili na madeni,
Dodoma