Barua kwa wadogo zangu mnaongoja kuwekewa mikono

Wadogo zangu wa Goma, mliomaliza teolojia na sasa mnaongoja siku yenu ya kuwekewa mikono muwe wachungaji,

Nawasalimu katika jina la Bwana. Ningewaandikia kwa upole zaidi, lakini hasira ya juma lililopita haijaniisha. Huko mtaa wa Ndosho mama mmoja amefiwa na mtoto. Mchungaji hakuwepo. Tukampigia simu mmoja wenu, kijana mwenye lisansi, yaani shahada ya chuo, nyumba yake iko ng'ambo tu ya barabara. Akajibu: "Mzee, mimi bado sijawekewa mikono. Tafuteni mwenye madaraka."

Madaraka! Mama amekaa chini ya turubai, mtoto amefunikwa kitenge, vijana wa mtaa wanavunja mawe ya volkano kwa mtaimbo wapate kaburi, na sisi tunazunguka kutafuta madaraka. Mwishowe aliyefungua Zaburi ni mama wa kwaya anayeuza makaa sokoni. Aliomba maneno machache, tena mazuri, kisha akachukua bidoni, dumu la maji, akaenda kutafuta maji ya kunawa. Msomi wetu alifika jioni, amevaa koti, akauliza viti vya wageni viko wapi.

Nani aliwakataza kumwombea aliyefiwa? Ubatizo na Meza ya Bwana vina wenyewe, hapo msiguse, kila kanisa lina utaratibu wake. Lakini kulala hospitalini na mgonjwa asiye na ndugu, kufundisha watoto Jumapili, kupatanisha mtu na mkewe, kufagia kanisa, kumsomea Biblia mzee asiyeona: hayo yanangoja mkono wa nani juu ya kichwa chako?

Someni Matendo 6. Wale saba walitafutwa kati ya watu waliokwisha kushuhudiwa kuwa wema. Walishuhudiwa wapi, kama walikuwa wamejifungia nyumbani wakingoja sherehe? Paulo naye anamwambia Timotheo kwamba mashemasi wajaribiwe kwanza. Mtu hajaribiwi akiwa amekaa.

Tena hapa hapa kwetu tunaye Apolo Kivebulaya. Alitoka Uganda akafika Mboga, ambayo leo iko Ituri, mwaka 1896. Alikuwa mwalimu wa dini tu, amebatizwa juzijuzi. Alipigwa, akafungwa, na mtawala Tabaro aliyemtesa akaja kuamini. Ushemasi alipewa mwaka 1900, ukasisi mwaka 1903. Hesabuni wenyewe: watu wa Mboga walimjua kwa kazi kabla ya kumwona na kola.

Lakini sitawabebesha ninyi peke yenu. Kanisa letu limewafundisha ugonjwa huu. Mchungaji akiingia, anapewa kiti cha mbele, soda ya baridi na bahasha. Mwinjilisti aliyetembea kwa miguu kutoka Mugunga juu ya mawe, mvua ikimnyeshea, anasimama mlangoni na hakuna anayemuuliza kama amekula. Kijana ana macho. Anaona kwamba kazi bila cheo ni njaa, basi anaketi kungoja cheo. Januari 2025, vita vilipoingia mjini na watu wakalala makanisani, waliopika uji na kuosha watoto hawakuwa wenye viti vya mbele. Hakuna aliyewaita madhabahuni hata kuwashukuru.

Kuna na wengine, kinyume chao, waliokwisha kuchapa bango lenye picha na neno "Mtume" kabla hata ya kumaliza mwaka wa kwanza. Hao nitawaandikia barua yao.

Ninyi fanyeni hivi. Mkajitambulishe kwa shemasi wa mtaa mnamokaa, si kwa katibu wa kanisa. Msidai kipaza sauti. Fedha za sadaka msizishike bila shahidi. Mkienda kwa mjane au binti, nendeni wawili. Na mkiitwa usiku kwenye kilio, vaeni viatu mwende.

Na wewe utakayeniuliza kama saa hizo zitahesabiwa kwenye staji, yaani mazoezi ya kazi: kaulize parokiani, mimi usiniulize.

Mzee wenu,
Goma