Barua kwa mwanangu anayekwenda kukimbia New York

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia kwamba bahati nasibu ya nafasi imekuangukia na Novemba utakimbia marathoni ya New York. Baba yako ameshawatangazia ndugu wote, kwa hiyo kurudi nyuma hakuna tena. Mambo ya mazoezi namwachia kocha wako. Mimi naandika kwa sababu barabara zile nimezipita kwa miguu yangu, na kuna jambo moja nataka uende nalo: jihadhari na makofi ya watazamaji.

Siku yenyewe huanza kwa kusubiri. Mtapelekwa Staten Island kwa basi au kwa feri, mkae saa nzima nzima pale Fort Wadsworth kwenye baridi, maelfu kwa maelfu, kila mtu akipanga foleni ya choo na akitoka anaipanga tena. Vaa sweta kuukuu. Nguo zinazovuliwa karibu na mstari wa kuanzia hukusanywa wakapewa wahitaji. Mbio huwa Jumapili ya kwanza ya Novemba, na usiku wa kuamkia siku hiyo Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, kwa hiyo utapewa saa moja ya ziada ya kulala. Hutalala, lakini jinyooshe kitandani upumzishe miguu. Na mafuta ya kujipaka usiyasahau: kwapani, mapajani, kila nguo inapogusa ngozi. Wanaume wanaolidharau hilo utawaona mbele ya safari, fulana zina michirizi ya damu kifuani.

Mzinga ukilia, daraja la kwanza liko mbele yako. Verrazzano-Narrows hupandwa maili nzima, na kilele chake ndicho mahali pa juu kuliko pote katika njia yote. Hutahisi kwamba unapanda. Damu imechemka, bahari iko chini, helikopta ziko juu, na watu wanakupita kushoto na kulia kana kwamba utepe uko upande wa pili. Waache. Hapo kupitwa ni faida.

Halafu Brooklyn. Fourth Avenue imenyooka, kila baada ya hatua kadhaa kuna bendi, na watoto wamenyoosha mikono wakitaka uwagonge viganja. Ukiandika jina lako kifuani, watu usiowajua wataliita kama waliokuwepo ulipozaliwa. Ni raha, sikatai. Ila tazama vibao. Vibao vya kule ni vya maili, na vya kilometa huja kila baada ya 5 tu, kwa hiyo piga hesabu zako kabla ya kuondoka: ukikimbia kilometa moja kwa dakika 6, maili moja itakuchukua dakika 9 na sekunde 39. Kibao kikikwambia uko mbele ya hapo, makofi yameshaanza kukula.

Baadaye utaingia South Williamsburg, mtaa wa Wayahudi wa Hasidi, wanaoshika sana dini yao. Wao Jumapili ni siku ya kazi, wana shughuli zao, na wengi hata hawakutazami. Wakimbiaji wengi hulalamika kwamba pale pamepooza. Mimi nilipapenda kuliko Brooklyn yote, maana ndipo nilipozisikia pumzi zangu mwenyewe nikajua mwendo wangu halisi ni upi.

Daraja la Pulaski ni fupi. Ni nusu ya safari, lipite.

La Queensboro ndilo nililokusudia kukuandikia. Liko karibu na kilometa ya 24, mnapita sakafu yake ya chini, ni la kupanda, na watazamaji hawaruhusiwi. Kelele zote zinakatika. Unasikia viatu tu, na mtu akikohoa. Saa ya mkononi nayo hupotea pale kwa sababu ya vyuma vilivyo juu yako, usiiamini. Wengine huanza kutembea. Wewe fupisha hatua, kunjua mabega, kula jeli yako ya sukari kabla hujaitamani. Maji yapo karibu kila maili, lakini kunywa kwa kiu. Anayejaza tumbo maji matupu huizimua chumvi ya damu yake, na hilo limewahi kuua wakimbiaji.

Ukiteremka, unakunja kona na kutokea First Avenue. Mwanangu, sina namna ya kukuandikia kelele zile. Umetoka kwenye ukimya wa daraja, mara unapokewa na umati uliojipanga pande zote mbili, barabara pana, imenyooka mbele yako hata huoni mwisho. Mwili husisimka, uchovu wote unasahaulika, na miguu inaongeza kasi bila kukuuliza. Hapo ndipo New York inapowamaliza watu. Akiba ya sukari iliyoko kwenye misuli na ini, kwa wengi wetu, inafikia ukingoni karibu na kilometa ya 30, na wewe ndipo unaichoma yote kwa ajili ya watu ambao dakika ijayo watakuwa wanampigia makofi mwingine. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa New York uko Bronx, ng'ambo ya daraja la Willis Avenue, kilometa ya 32. Utawakuta wameinama wameshika magoti.

Madison Avenue ndilo daraja la mwisho, linakurudisha Manhattan. Kisha Fifth Avenue, ambayo kwenye ramani haina mlima. Ina mlima.

Mwaka 2005 Paul Tergat wa Kenya na Hendrick Ramaala wa Afrika Kusini walifika mita za mwisho za Central Park, bustani ambamo mbio huishia, bado wako bega kwa bega, na Tergat akashinda kwa chini ya sekunde moja. Ile kasi ya mwisho alikuwa ameitunza tangu asubuhi. Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda pale, mwaka 1987, na Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Afrika, mwaka 1994, nao walipita kwenye miti hiyohiyo. Ukiingia bustanini, sasa makofi ni yako. Yatumie yote, usibakize hata moja.

Saa kubwa iliyo kwenye mstari wa mwisho isikuvunje moyo. Muda wako unahesabiwa na chipu iliyo nyuma ya namba yako, kuanzia ulipovuka mstari wa kuanzia. Ukishavishwa medali usikae chini, hata ukisihiwa. Njia ya kutokea ni ndefu, na ukikaa misuli itakaza. Na ngazi za treni ya chini ya ardhi, shuka kinyumenyume. Watakucheka. Wewe shuka.

Mama yako