Hongera ya timu, na pole yake

Sahibu yangu,

Barua yako imefika, na habari ya kukabidhiwa timu ya watengeneza programu za kompyuta iliyotawanyika mabara matatu pia. Hongera. Na pole.

Umeniuliza uanzie wapi na vihatarishi vya mradi, yaani mambo yanayoweza kuukwamisha. Ngoja nikusimulie yaliyonikuta. Machi moja, wenzetu wa Marekani walikuwa wakituletea tarehe za malipo zinazotanguliza mwezi, sisi tunazisoma kwa kutanguliza siku. Tarehe 4 Machi ikawa kwetu 3 Aprili, na mfumo ukapokea kimya. Uligoma ilipofika tarehe 13, maana hakuna mwezi wa 13. Siku kumi na moja zilikuwa zimeshavurugika (ya tarehe 3 ilinusurika, 03/03 ni ileile ukiisoma vyovyote).

Kinachoniuma hadi leo, kijana mmoja wa kule aliliona mapema. Aliuliza kwa ujumbe sisi tumelala. Tulipoamka tukajibu swali ambalo hakuuliza, naye kalala. Jambo la dakika mbili likala siku tatu, akachoka, akaliacha. Na kwenye kile kikao cha kila siku cha dakika 15 sote tulikuwa tukisema "sawa, hakuna kikwazo".

Mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway alishaandika mwaka 1968 kwamba mfumo hufuata umbo la mawasiliano ya wanaoutengeneza. Kwa hiyo kagua kwanza mpakani, kazi ya timu moja inapoingia kwa nyingine. Wakubaliane mfano mmoja halisi wa data kabla ya yeyote kuandika programu, na waunganishe kazi zao kila siku, wasingoje mwisho wa sprinti (kile kipindi kifupi cha kazi mnachokipangia). Tarehe zianze na mwaka, hilo usilijadili.

Daftari la vihatarishi lifungue kila mnapopanga sprinti. Kila kihatarishi kiwe na jina la mtu mmoja. Ukiandika "timu", ni kama umeandika "hakuna mtu".

Halafu Machi ikifika angalia kalenda: Marekani husogeza saa Jumapili ya pili, Ulaya Jumapili ya mwisho. Katikati hapo utaingia mkutanoni ukute uko peke yako. Na adha ya kukesha kwa ajili ya mikutano muipokezane, si watu walewale kila wiki.

Ukishaandika daftari lako nitumie. Nitaanza kusoma safu ya majina.

Mwenzio