Fedha za kuthibitisha matuta zisicheleweshwe

Ndugu Mhariri,

Madiwani wanaosita kutenga fedha huuliza: tuta la kuzuia mafuriko limesimama miaka yote, kwa nini mhandisi alipime na kulithibitisha kuwa salama? Kwa Marekani, jibu limo katika kanuni za FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa. Tuta la kando ya mto lazima lizidi kwa futi 3 kimo cha mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea kila mwaka. Karibu na daraja huongezwa futi 1. Kupima hilo ni kazi nyepesi.

Gharama kubwa iko chini ya ardhi. Ni lazima kutoboa msingi, kupima sampuli za udongo na kukokotoa iwapo maji yatapenya chini kwa chini na kuzoa mchanga. Mwaka 2005 mjini New Orleans, ukuta wa mfereji wa 17th Street ulianguka kabla maji hayajafika juu yake, kwa sababu udongo laini wa msingi uliteleza. Watu walikufa nyuma ya ukuta ambao haukufurika!

Ni lazima pia kukagua makalvati ya chuma (mabomba ya kupitisha maji) yanayooza ndani ya tuta, vali zilizokwama, mizizi na mashimo ya wanyama.

Bila muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa, FEMA huweza kuchora upya ramani na kuziweka nyumba zilizo nyuma ya tuta katika eneo la hatari, na wengi wenye mikopo ya nyumba hulazimika kukata bima ya mafuriko. Tunaomba bajeti iwe na fungu la matengenezo pia: ukaguzi ukifichua kalvati bovu na fedha hakuna, mhandisi hawezi kutia saini.

Wahandisi wa udongo na maji