Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale, Zanzibar: Maji ya Paje yawekewe mipaka kabla ya kusi

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, na ombi langu nalitanguliza. Tunataka maji ya ndani ya mwamba, yaani kutoka mwamba wa matumbawe hadi ufukweni, yawekewe mipaka inayojulikana na kila mtu, baina ya wanaorusha kaiti (tiara kubwa linalomvuta mtu aliyesimama juu ya ubao majini) na wanaolima mwani. Mipaka hiyo ipangwe na Wizara yako ikishirikiana na Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, mbele ya wenyewe wanaoshinda majini, na iwe imeshawekwa kabla kusi haijaanza kuvuma.

Nieleweke mapema: siandiki kuwafukuza wageni. Kaiti imeifungulia Paje riziki ambayo hatukuiota. Upepo wa kusi tunaupata tangu Juni mpaka Septemba, na kaskazi inarudi Disemba hadi Februari. Mawimbi makubwa yanavunjikia mwambani huko mbali, na ndani maji yanabaki ya kiunoni, chini mchanga mtupu. Anayejifunza akianguka anasimama tu na kuanza tena. Ndiyo sababu watu wanatoka Ulaya na ubao begani, wanapita mji mzima bila kugeuka, wanashukia kwetu. Vijana wetu wamekuwa walimu wa mchezo huu, na wengine wanazungumza Kiitaliano na Kijerumani ambacho hakuna skuli iliyowafundisha. Sitaki kijana hata mmoja akose kazi kwa barua hii.

Lakini kabla ya tiara la kwanza kupaa, maji haya yalikuwa na wenyewe. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na Paje na Jambiani ni miongoni mwa vijiji vya mwanzo kabisa. Wengi wa wakulima ni wanawake. Kabla ya hapo mama wa pwani alikuwa na pweza wa kuchokoa na makumbi ya kufukia mchangani apate usumba wa kusokota kamba. Mwani ndio uliompa pesa ya mkononi mwake mwenyewe, na nyumba kadhaa za matofali hapa kijijini zimetokana na kazi hiyo.

Kazi yenyewe inafuata bamvua, siku ambazo maji yanajaa na kupwa kupita kawaida. Maji yakipwa sana, kina mama wanatembea hadi mashambani mwao, vigingi vimepangwa mistari na kamba zimevutwa baina yake. Wanainama, wanafunga vipande vya mwani kwa vikamba vya tai-tai, kimoja baada ya kimoja, wanavuna uliokomaa na kupanda mpya. Shamba moja linakaa kiasi cha mwezi na nusu kabla ya kuvunwa. Maji yanapoanza kurudi ndipo mapolo yaliyojaa mwani mbichi yanapoelea, na polo linaloelea mwanamke analiburura peke yake. Likiwa juu ya mchanga mkavu halinyanyui. Kwa hiyo saa ile maji yanapopanda kutoka gotini kufika kiunoni ndiyo saa yake ya kurudi na mzigo, na ndiyo saa ambayo mtu wa kaiti alikuwa akiisubiri tangu asubuhi.

Msimu wa kusi uliopita nilikuwa nimesimama palepale tiara la mwanafunzi mmoja lilipoanguka juu ya shamba. Kamba za kaiti zina urefu wa mita ishirini na kitu, nyembamba, ngumu, na zikiwa na upepo zinakata nyama. Zilijizungusha kwenye vigingi vitatu au vinne. Mgeni alikuja na adabu zake zote, akaomba radhi kwa mikono miwili, akaanza kufungua mafundo. Yalipomshinda akatoa kisu, akakata. Akakata kamba ya mwani. Bibi mwenye shamba, mtu mzima aliyeshika maji mpaka kifuani, alikuwa amemwashiria akate zile zake za tiara, maana kamba ya dukani inanunulika kesho na mwani ule ulikuwa umeshakula mwezi mzima majini. Hawakuelewana lugha. Mwalimu wa kijana yule alifika baadaye, akamwamkia bibi, akainama na kuokota mwani uliokuwa ukichukuliwa na maji. Alifanya hivyo kwa sababu anamjua, ni mtu wa mtaani kwao. Mwalimu aliyekuja wiki iliyopita kutoka ng'ambo asingejua hata kama kile ni shamba.

Na bei, Mheshimiwa. Saa moja ya somo la kaiti inalipwa makumi ya dola. Kilo ya mwani mkavu haifiki bei ya chupa ya maji kwenye baa ya ufukweni, na mpaka uipate kilo hiyo umeanika kilo saba au nane za mbichi. Hapo hapo aina ya kotonii, iliyokuwa na bei afadhali, haistahimili maji ya joto, na kina mama wengi wamebaki na aina nyengine, spinosam. Sasa wanahimizwa walime kwenye kina kirefu zaidi ambako maji hayachemki. Ushauri si mbaya. Ila kina hicho ndicho cha kaiti. Kwa hiyo upande mmoja Serikali inawasogeza wakulima kwenda nje, upande mwengine inawakaribisha watalii kwenye maji hayo hayo, na sijaona kikao ambapo pande hizo mbili zimekaa meza moja. Mwani uko wizara nyengine, utalii uko kwako, na ugomvi umebaki ufukweni kwa sheha.

Najua utaambiwa kwamba suluhisho ni rahisi, yawekwe maboya mstari mmoja na mambo yaishe. Haitoshi, na hapa naomba uwe na subira kidogo, kwa sababu hili ndilo linalokosewa. Tiara likianguka linakwenda demani, yaani upande unakoelekea upepo. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini mashariki, kwa hiyo kila kinachopotea kinasukumwa kuelekea Bwejuu. Ikiingia kaskazi mambo yanageuka, kinasukumwa kuelekea Jambiani. Shamba lililo salama mwezi wa Julai, liko goshini kwa kaiti zote, yaani upande unakotoka upepo, mwezi wa Januari linakuwa demani na linaangukiwa. Mstari mmoja wa mwaka mzima utawalinda nusu ya wakulima na kuwapa nusu nyengine matumaini ya uongo. Mipaka lazima ihamishwe na msimu, kama manahodha wa zamani walivyohamisha safari zao. Uwepo na mlango maalumu wa kaiti kutokea na kurudi, na katika siku za bamvua mlango huo usifunguliwe mpaka mapolo yamefika nchi kavu. Tunazungumzia saa moja, pengine saa moja na nusu, tena katika siku chache tu za kila mwezi. Wakati wa maji mafu, yasipojaa wala kupwa sana, mgongano unapungua wenyewe.

Hakuna skuli ya kaiti itakayofilisika kwa saa moja. Nimezungumza na walimu, na wenyewe wanasema mgeni akiambiwa mapema hanung'uniki. Anachonung'unikia ni kufokewa akiwa katikati ya maji asijue kosa lake.

Tena mgeni huyu ana saa nyingi za bure ambazo tunaziacha zipotee. Maji yakipwa, au upepo ukikata, utamkuta amejilaza kitini anatazama simu. Mtu huyo yuko mwendo mfupi kutoka msitu wa Jozani, kwa kima punju wasiopatikana kiasili popote duniani ila kisiwani Unguja. Jambiani, jirani zetu wa kusini, kuna pango la Kuumbi ambamo wachimbuaji wamekuta mifupa ya punda milia, alama ya zama ambazo Unguja na bara vilikuwa ardhi moja. Wizara yako ina Mambo ya Kale kwenye jina lake, lakini mgeni anaweza kukaa wiki mbili Paje asilisikie pango hilo. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, na wageni wanaupita mbio wakiwahi boti za pomboo. Ukienda juu mpaka Michamvi, upande wa Kae, jua linazama baharini, jambo ambalo sisi wa Paje hatulioni kwa vile tumeelekea mashariki. Mwezi wa Julai kuna Mwaka Kogwa Makunduchi, wanaume wanatandikana kwa vigogo vya migomba na hakuna anayekwenda na kinyongo nyumbani. Kusi nayo imepamba moto wakati huo, na ufukwe umejaa. Ni wangapi wanaoambiwa?

Haya siyatenganishi na ombi langu. Ubao mmoja mkubwa pale watu wanaposhukia, wenye jedwali la kujaa na kupwa, ramani ya mashamba ya mwani ya msimu huo, saa za mlango wa kaiti, na chini yake pahala pa kwenda wakati mlango umefungwa. Kiswahili kwanza, kisha lugha zao. Na wale kina mama wanaopenda kumtembeza mgeni mashambani na kumwonyesha mafungu ya makumbi, wapangiwe malipo yanayoeleweka, maana sasa hivi wengi wanapigwa picha bure wakiwa wameinama.

Umeshawahi kupita barabara ya Jozani, Mheshimiwa. Pale kuna matuta, yaliwekwa kwa sababu kima walikuwa wakigongwa na magari, na tangu yawekwe vifo vyao vimepungua. Hakuna dereva aliyeacha kwenda Paje kwa ajili ya matuta. Sina wivu na kima, nawapenda. Nauliza tu, kama mnyama amepatiwa njia salama ya kuvuka, mwanamke mwenye polo la mwani ataipata lini?

Jozani inatufundisha na jengine. Sehemu ya kile anacholipa mgeni getini inarudi kwa vijiji vinavyouzunguka msitu, na ndiyo maana mwanakijiji anayeliwa mazao na kima bado ana sababu ya kumvumilia. Bahari ya Paje haina geti. Naomba skuli za kaiti zichangie kiwango kidogo kwa kila mwanafunzi, kiingie kwenye mfuko wa shehia unaosomwa hadharani kila baada ya miezi mitatu. Mfuko huo ununue maboya, ulipe vijana wawili wa kusimamia mlango, na ufidie shamba linapokatwa. Najua neno tozo limeshachosha watu, na wawekezaji wana orodha yao ndefu ya malipo. Basi kama kuna inayoweza kupunguzwa huko juu ili hii ya huku chini iingie, itakuwa vizuri zaidi. Tangu Oktoba 1, 2024 mgeni wa nje analipa dola 44 za bima kabla hajakanyaga Zanzibar, na akiumia anahudumiwa. Mama akikatwa mguu na kamba ya tiara anafungwa khanga na kupandishwa kwenye bodaboda.

Liko pia suala la njia za kushukia pwani baina ya hoteli, ambazo kila zikijengwa upya zinatoka nyembamba kuliko zilivyokuwa. Hilo linahitaji barua yake. Kwa leo naomba tu njia ambazo kina mama wanapitisha mwani ziandikwe kwenye ramani hiyo hiyo, kwa sababu mwanamke aliyevuka maji salama akakuta ukuta bado hajafika.

Kamati itakayopanga mambo haya isiwe ya maofisa na wenye hoteli peke yao. Wawemo wakulima wa mwani wasiopungua nusu, mvuvi wa dema, na kijana mmoja au wawili wanaofundisha kaiti na waliozaliwa hapa. Wengi wao mama zao wako kwenye mwani, hawawezi kusema uongo wa upande wowote wakarudi nyumbani kula. Na vikao visiwekwe siku za bamvua asubuhi, halafu ikaandikwa kwamba wanawake walialikwa hawakuhudhuria.

Masika ndio wakati wake. Upepo unakuwa umelala, skuli nyingi zimefunga, watu wana nafasi ya kukaa chini ya mkungu na kuchora mistari. Kamati ikiundwa mwezi wa Machi, ramani inaweza kukamilika Mei, na maboya yakawa majini wiki ya kwanza ya Juni. Tuko tayari kutoa ngalawa na watu wa kuyaweka. Tunachosubiri kutoka kwako ni barua moja kwa mwenzako wa Uchumi wa Buluu, na tarehe ya kikao cha kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkaazi wa Paje, Wilaya ya Kusini, Unguja

Nakala:
Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi
Mkuu wa Wilaya ya Kusini
Sheha wa Shehia ya Paje